Bébé Chance na tikiti yake

Mireille, jibu! Tuko ku aéroport, mama iko analia mbele ya watu wote!

Ni juu ya Chance, ile paka ya marehemu papa yetu. Mama alitaka kuipandisha mu ndege ya Kinshasa. Unajua anaiitaka "mutoto yangu". Basi ku ajansi alisema: "Niko na mutoto ya mwaka moja, nitamubeba ku magoti." Wakaandika tikiti: BÉBÉ CHANCE.

Bébé!!

Sasa bwana wa ku guichet, ule anaangaliaka tikiti, ameuliza: "Mama, bébé iko wapi?" Mama akafungua kitunga. Paka ikatosha kichwa inje. Mireille, mbele ya watu, paka ikatosha kichwa!

"Mama, hii ni paka."

"Nilisema mutoto. Nani alisema mutoto ya mutu?"

Watu wote wamecheka. Lakini tangu tuzike papa, ni iyo paka tu inalalaka ku nafasi yake mu kitanda ya mama.

Wamekatala, paka ibaki. Weye uko karibu na aéroport, pale Ngezi, kuya hapa mbio uichukue, nakuomba!

Ayi Mungu. Jina iko bado mu liste, wameita ku mikro: "Bébé Chance!"

Mama amesimama na kitunga yake, machozi inatiririka:

"Iko hapa. Hajalia hata kidogo."