Milango ya Bibi Ina Risasi

Bi Corliss, naomba unisaidie kabla dada yangu hajaolewa,

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na ni mtu wa haya, mbele ya watu sauti hunikauka hata pale ninapojua jibu, ndiyo maana naiandikia safu yako ya ushauri gazetini badala ya kusema. Dada yangu Maren anaolewa mwezi ujao kwenye ghala letu la nyasi, na mapambo yote tunatengeneza wenyewe, kwa mbao na madirisha na milango tuliyong'oa kwenye nyumba ya marehemu bibi kabla haijabomolewa, na kati ya vyote hivyo Maren anaipenda zaidi milango miwili ya jikoni, ile yenye vishikio vya kioo, anataka isimamishwe wazi pale njia inapoanzia, apite katikati akiwa ameshikwa mkono na baba, kwa sababu anasema itakuwa kama bibi mwenyewe amemfungulia.

Tatizo ni rangi. Milango ilipakwa nyeupe zamani sana na sasa inabanduka magamba, na Maren anasema magamba hayo ndiyo uzuri wenyewe, na pale ambapo rangi bado imeshika yeye na baba wanaisugua kwa msasa ili nayo ibanduke, kila jioni gerejini, mpaka vumbi jeupe limetanda kwenye kikapu cha nguo safi, na Otis, mtoto wa Maren ambaye ndiyo kwanza anatambaa, anachezea hapohapo sakafuni. Nilikuwa nimesoma kwamba rangi za nyumba za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na kwamba ni sumu inayoharibu akili za watoto wadogo, basi nikajikaza nikasema wakati wa chakula.

"Baba, ile rangi huenda ina risasi."

"Risasi?" Baba akajishika kifua, akalalia kiti. "Nimepigwa! Maren, nipe viazi haraka, nife nimeshiba!"

Maren, ambaye huniita Profesa kwa utani, alicheka mpaka akafuta machozi. "Profesa, mimi na wewe tumekulia jikoni kwa bibi. Tumekufa?"

"Huyu kafa kidogo, hebu mwangalie alivyopauka," baba akasema, wakacheka tena, na mimi nikacheka nao, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka nao.

Nikaenda duka la rangi nikanunua vijiti vya kupimia, nikasugua kimoja kwenye mlango, kikawa chekundu, maana yake risasi imo. Kisha jana nikamkuta Otis ana gamba la rangi limenata kwenye mdomo wa chini, nikalitoa kwa kidole na kumwosha uso, Maren akauliza kutoka ndani, "Anakula nini huyo?" nami nikajibu, "Si kitu."

Bi Corliss, sikuulizi kama niseme. Nitasema, hilo nimekwisha kuliamua. Nakuuliza niseme vipi wasinicheke, na vipi Maren asione kwamba namnyang'anya bibi mara ya pili.

Profesa, Iowa

*

Profesa,

Jibu hili nilikutumia siku ileile niliyopata barua yako. Nalichapisha hapa kwa sababu kiangazi hiki kila ghala la wilaya yetu lina harusi, na kila harusi ina mlango mkuukuu.

Kupima umepima vyema, wakubwa wako hawakufikiria hilo. Lakini "si kitu" ni neno la aibu kulitamka ukiwa na gamba la sumu kwenye kidole, na sitakubembeleza juu yake. Kuona haya ni pambo zuri kwa kijana, ila Otis hajui kusema, na aliyeliona gamba ni wewe peke yako. Risasi hii haina mlio, ndiyo maana baba yako anaifanyia mzaha. Basi mlio uwe wewe.

Usirudi mezani, meza ni uwanja wa baba yako, pale atakushinda kila siku. Mwendee Maren asubuhi akiwa peke yake. Usianze na vitabu. Mwekee kile kijiti chekundu mkononi, umwambie, "Jana Otis alikuwa na gamba la rangi mdomoni." Halafu nyamaza, umwache mama wa Otis afanye hesabu yake.

Msasa ukome leo hii. Otis asikanyage gerejini tena, na wiki hii apelekwe kwa daktari apimwe damu; wasuguaji nao wapimwe. Sakafu isifagiliwe kavu, ipanguswe kwa matambara yenye maji, na matambara yatupwe. Nguo zote za kile kikapu zifuliwe upya, zisichanganywe na nyingine. Milango ifungwe kwa plastiki mpaka aje mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo. Na mwambie baba yako asiichome moto, moshi wake nao ni sumu; namjua mwanamume wa aina yake, hilo ndilo litakalomjia kwanza.

Kuhusu bibi: mikono yake haikushika rangi, mpenzi wangu. Ilishika vile vishikio vya kioo, asubuhi na jioni, miaka yote. Omba wavifungue kwa uangalifu, vioshwe kwa sabuni na maji mengi, kimoja Maren akifunge ndani ya shada lake la maua. Atamshika bibi mkono njia nzima, jambo ambalo mlango usingeweza kumpa.

Nenda sasa. Na safari hii wakicheka, usicheke nao.

Corliss