Firigisi ya Shangazi

Mama yangu,

Kakamega inakusalimu kwa mvua yake ya kila alasiri. Shangazi alinipeleka kula hotelini, huku mjini. Bendi ilipiga gita na ngoma za isukuti hadi watu wakaacha sahani zao wakacheza kwa mabega baina ya meza. Sisi tuliagiza kuku mzima wa kienyeji na ugali, obusuma kama wanavyouita huku.

Mhudumu alipanga vyakula vyote, kisha akabaki ameshika kisahani chenye firigisi. "Mzee yuko njiani?" akauliza.

"Mzee wangu hayuko tena," Shangazi akamjibu. "Weka tu hapa katikati."

Alipoondoka tulitazamana. Umri wote ule Shangazi alikuwa hajawahi kuonja firigisi, maana ni ya baba wa nyumba. Akaikata, akanipa nusu. Tulitafuna mpaka wimbo mzima ukaisha.

"Kumbe ni ngumu hivi," akasema, "na hata utamu wenyewe ni wa kawaida."

Nikamkumbuka Baba miaka yake ya mwisho, meno karibu yote yamemtoka, nawe bado unamwekea firigisi kila Jumapili. Hakuikataa hata siku moja. Aliitafuna polepole mpaka sisi wote tukaondoka mezani.

Jifunike vizuri usiku, Mama, baridi ya huko naijua. Narudi na kuku wa huku. Firigisi tutaichemsha mpaka ilainike, na utakula wewe.

Mwanao,
Nafula