Baba, Kaa Wangu Wameshuka Kwenye Tope

Baba yangu mupendwa,

Minye niko muzima, na ninaomba barua hii ikukute umekaa vizuri, miguu haivimbi tena. Mama je, kifua kimetulia? Na pale Kasenga kwa mama mudogo, munapata pa kulala wote? Tangu simu ilipokatika ninawaza jinsi munavyobanana mule ndani. Nimempa barua Mama Esperance, yule anayenunua vitenge huku na kuvileta soko la Uvira, na nimemuomba aikabidhi mkononi mwako.

Ile siku ulipopiga simu ulisema, na simu ikakatika kabla sijajibu: "Weye mutoto, kaa utaisomea mpaka lini? Maji imeingia mu nyumba, mama yako iko analala kwa dada yake, na weye uko mu tope ya watu! Kule Luvungi banatafuta mwalimu. Rudia nyumbani."

Baba, nilikaa kitandani na simu mkononi. Nyumba ya Kilibula ulijenga tofali kwa tofali, na minye ndiye mukubwa wa watoto wako. Jibu langu nimeliandika humu, lakini nivumilie kwanza nikueleze kilichotokea huku, maana sikuwahi kukueleza sawasawa hao kaa ni nini.

Si kama wale wa ziwa letu wanaonasa kwenye nyavu zako. Hawa ni wadogo, hata kidole gumba kinawazidi, na wanaishi kwenye tope la mikoko huku pwani, kila mmoja na shimo lake. Dume ana gando moja kubwa ajabu, karibu lizidi mwili wake, na jingine dogo la kulia chakula. Bahari ikipwa, wote wanatoka. Wanachota tope, wanachuja kilicho chakula mdomoni, kinachobaki wanakitema kwa vidonge vidogo mpaka ufuko mzima unajaa vidonge. Dume anasimama mlangoni akipunga lile gando kubwa juu, chini, juu, akimwita jike. Jike anapita, anachungulia shimo hili, anakataa, anachungulia lile. Akikubali anaingia, na dume anaziba mlango kwa tope. Jike anabaki chini na mayai tumboni, na siku bahari inapojaa sana ndipo anatoka kuyamwaga majini. Kinachotoka ni vijidudu vyenye mwiba kichwani, havifanani na kaa hata kidogo. Maji yanavichukua mpaka baharini. Huko vinabadilisha ngozi mara kadhaa, na vichache vinavyopona vinarudi pwani kuwa kaa.

Kazi yangu ni kuwalea hao watoto ndani ya mitungi ya kioo, nijue ni nini kinachowafanya watoke majini. Asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta maji ya beseni nililomwekea jike mwenye mayai yamejaa watoto, kama vumbi linalotembea. Nilipiga kelele ya furaha, watu wa kituo chetu cha utafiti wakaja mbio wakidhani nimeumwa na nyoka! Nikawalisha, nikawabadilishia maji kila siku. Wakafa wote. Nikaanza upya. Wale wa pili walikua mpaka hatua ya mwisho: macho makubwa, magando yameshaanza, miguu ya kutembea wanayo. Lakini waliendelea kuogelea tu, wakizunguka ndani ya kioo, na mmoja mmoja wakaanguka chini, wamekufa.

Profesa wangu, Bi Salma, aliniita ofisini. "Mapendo," akasema, "umejitahidi, nimeona. Lakini muda wako wa masomo unakwisha. Badilisha mada. Chukua jambo jepesi, umalize, urudi kwenu."

Ilikuwa wiki ileile ya simu yako. Nililia, Baba, nisikufiche. Kisha nikavaa buti, nikaenda kwenye mikoko kwa sababu maji yalikuwa yanapwa na sikujua kitu kingine cha kufanya. Nikaona kaa wachanga kabisa, kama punje za mtama. Wote walikuwa kwenye tope ambapo wakubwa wana mashimo. Pale kando, kwenye mchanga safi, hakuna hata mmoja. Nikakumbuka nilivyosugua ile mitungi yangu, nilivyochuja maji mpaka yakabaki kama ya kunywa. Hamkuwa na hata harufu ya kaa mkubwa mule, na labda ndiyo waliyoingoja.

Nikarudi kwa Bi Salma. Nikamwambia, "Niache nijaribu mara moja tu. Nusu ya mitungi nitie tope la kwao, nusu niache ilivyo."

Akanitazama. "Jambo hilo limeonekana kwa kaa wa nchi nyingine. Kwa hawa wetu sijui. Na wakifa tena?"

"Wakifa, nitachukua mada utakayonipa."

Nikangoja jike mwingine, nikalea upya. Walipofika hatua ile, nikatia tope. Waliokosa tope waliendelea kuzunguka. Wale wengine, Baba, walishuka. Walikaa chini, wakavua ngozi, mkia ukakunjwa chini ya tumbo, na nilipotazama kwa lenzi mmoja alikuwa anachota tope na kula. Nilimwita Bi Salma. Aliinama muda mrefu, akanyanyuka, akasema neno moja tu: "Andika."

Basi jibu langu ndilo hili: sirudi sasa. Luvungi wapate mwalimu mwingine. Nitamaliza, kisha nitakuja nyumbani kufanya kazi hii kwa kaa wa ziwa letu, ambao hakuna aliyewaangalia hivi pale Uvira. Wale hawatupi watoto wao majini. Mama anawabeba tumboni mpaka wawe kaa kamili. Ukipata jike wa hivyo kwenye nyavu, usimrudishe haraka. Mufungue mkunjo wa tumbo pole, uangalie, kisha uniambie uliona nini. Ninakuomba kweli, si kwa kukutuliza.

Kasirika ukitaka, lakini usinyamaze.

Musalimie Mama, na mama mudogo aliyewapokea. Bahati, mdogo wangu, mwambie akusaidie kupandisha ukuta wa nyumba. Na Tate, mama yako, mwambie watu wa huku bado wanacheka ninavyosema "minye" badala ya "mimi", nami siiachi.

Ukipiga simu usinipate, usihangaike. Bahari itakuwa imepwa, na minye niko mu tope.

Ni minye mutoto wako,
Mapendo