Mpaka wa Jimbo Umehama

Jumamosi, baada ya isha

Moyo haujatulia hata sasa! Nilipoolewa huku, sisi na ng'ambo ya mto tulikuwa jimbo moja. Baadaye wakatukata pale mtoni. Uchaguzi uliopita binti yangu Zaina akagombea ubunge kule ng'ambo alikoolewa, akakosa, na mimi mama yake sikuweza kumpigia kura.

Leo mkutanoni bwana wa tume ya uchaguzi katangaza kuwa mpaka unatoka mtoni na kuhamia juu mlimani nyuma yetu, nasi tunarudi jimbo moja na ng'ambo. Jirani yetu Mzee Shemweta akamwuliza, "Mmeshapanda masale?" Ndiyo mimea tunayopanda mipakani mwa mashamba.

"Mpaka uko kwenye ramani, mzee."

"Mpaka bila masale, mwanangu? Mbuzi watauonaje?" Uwanja mzima ukacheka.

Zaina anagombea tena. Naogopa, maana akikosa safari hii...

Lakini nitampigia mwenyewe! Kanga ya kwendea nimeshaifua, na uchaguzi bado mwaka mzima.