Picha ya Wapiga Makasia

Maskati, 2 Novemba 1966

Mwanangu Aflah,

Baada ya salamu, sisi wazima, ila mama yako Nasriya kifua kinamsumbua. Anakutaja kutwa. Barua hii anaichukua rafiki yangu Marhoon anayesafiri, aitie posta Bahrain. Hapa kila mtu anaamini uko Bombay unatibiwa macho, maana hiyo ndiyo ruhusa uliyopewa. Ruhusa ya kwenda kusoma nje hapewi mtu. Ikijulikana uko chuo kikuu Uingereza, hawatakuruhusu kurudi tena.

Nnasikia umejiunga na wapiga makasia. Babu yako alikuwa na mashua tatu na hakugusa kasia maisha yake. Mimi nimekupeleka ukasome sheria, wewe unasomea ubaharia?

Babako,
Mahfoudh


Uingereza, 20 Februari 1967

Baba yangu,

Nnakuamkia, wewe na mama. Mimi mzima, viganja tu ndivyo vilivyochubuka. Mashua yetu ni nyembamba, tunakaa wanane, kila mtu na kasia lake, na wa tisa anashika usukani na kutufokea. Wiki ya kwanza kasia lilinizamia, mpini ukanipiga kifua, nikaangukia mapajani mwa aliye nyuma yangu. Akasema, "Mwarabu, kitanda chako kiko bwenini." Wakacheka wote. Nilikuwa nnavuta kwa hasira, na anayevuta kwa hasira huwaharibia wenzake saba.

Jumamosi tumeshinda. Nimetia humu picha yetu tuko mashuani, aione mama peke yake. Mwambie chuo kikifungwa Juni nnakuja kumwona.

Mwanao,
Aflah


Uingereza, 20 Julai 1967

Baba,

Nnakuamkia. Mama hajambo? Tangu Februari sijapata barua. Pasi yangu nimeipeleka ofisi ya konsuli wetu iongezwe muda, wamekataa. Wanasema Maskati wanajua siko Bombay. Wanajua hata nafasi niliyokaa mashuani. Nani kaiona picha?

Mwanao,
Aflah


Maskati, 3 Septemba 1967

Mwanangu,

Salamu. Kifua cha mama yako kimezidi.

Picha nimeitoa mimi. Bakhit, jirani yetu mzaliwa wa hapa, alisema barazani kwamba sisi tuliotoka Unguja tunajua biriani na kulilia mashamba, na watoto wetu ni laini kama tende iliyovunda. Ningenyamaza? Nikaiweka mbele yake: huyu mwanangu, kati ya Waingereza saba, mtazame mikono. Bakhit akaitazama, akampa aliyekaa ubavuni pake. Huyo ni karani wa serikali, naye akaipeleka habari kwa wakubwa wake.

Lakini dhulma ni yao, si ulimi wangu. Nchi gani inamwogopa kijana kwa kusoma? Nimewaandikia barua tatu kali. Mama yako hasemi nami.

Babako


Maskati, 30 Agosti 1970

Mwanangu Aflah,

Salamu, natumai u mzima. Miaka miwili sasa tangu nikupelekee simu ya msiba wa mama yako, na hujaandika hata neno.

Utawala umebadilika. Walioko nje wanaitwa warudi, wanapewa kazi, na nyumba huko Sib, nje kidogo ya mji. Si nilisema dhulma haidumu? Bakhit mwenyewe amekiri. Rudi, nchi inataka wasomi.

Babako,
Mahfoudh


Uingereza, 10 Oktoba 1970

Baba,

Nnakuamkia. Mimi mzima.

Umesema kweli, dhulma haikuwa yako. Hoja hiyo nnakuachia. Mimi sikuwa nnairudia nchi, nilikuwa nnamrudia mama. Nimepata kazi hapa, na asubuhi nnawafundisha wanafunzi wapya kushika kasia.

Ukiandika tena, usiniandikie habari za Bakhit. Niambie mama amezikwa wapi, na ni mtoto wa nani aliyeshuka kaburini kumpokea.

Mwana wa Nasriya