Safari ya Kutibu Macho

Jumamosi, asubuhi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na mtaa wetu wote wa Saio unanuka udongo. Kifua kinabana leo kuliko jana, lakini kichwa ni kizima, kwa hiyo niandike.

Nilichokificha ni hiki: sikwenda Uganda kutibiwa macho.

Watoto wangu, kanisa, walimu wenzangu, wote wanaijua safari ile. Ilikuwa miaka ile utulivu uliporudi Bunia baada ya vita, ule utulivu ambao hakuna aliyeuamini, na gunia la nguo za kukimbilia bado lilikaa karibu na mlango. Niliaga, nikaombewa, nikaenda. Macho yangu hayakuwa na ugonjwa. Nilichokuwa nacho ni kijicho, na hicho hakitibiwi ng'ambo ya ziwa.

Nilifundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini. Nilikuwa nimekisoma chote, sheria na vighairi vyake, bila kuzungumza na mtu hata mmoja aliyezaliwa nacho. Jumapili moja mzungu alikuja kanisani. Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri ya kumkaribisha. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo, akaomba nirudie. Nikarudia. Akatabasamu kwa huruma.

Ndipo Kambale akasogea.

Kambale ni jirani yangu, mtu wa Butembo aliyeacha shule mapema. Vita vilipotutawanya alikimbilia Uganda, akabeba mizigo ya watalii kwa miaka kadhaa, akarudi na Kiingereza mdomoni. Hakuweza kukisoma hata mstari mmoja, maana alikiokota kwa masikio. Alimwambia yule mzungu maneno matatu au manne, na mzungu akacheka hadi akashika tumbo.

Kwa miaka thelathini hakuna aliyecheka kwa Kiingereza changu, isipokuwa wanafunzi, nyuma ya mgongo wangu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani alinipiga begani. "Mwalimu, weye iko na Kingereza ya tableau. Sasa nani anazungumuzaka na tableau?"

Nilicheka naye. Nilicheka muda mrefu kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Tangu siku ile kila nilipoandika ubaoni, kwenye hiyo tableau yake, nilimsikia.

Baada ya muda dereva mmoja alimletea habari: nyumba ya wageni karibu na msitu wa sokwe, mbele ya Fort Portal huko Uganda, inatafuta mtu wa kuwaongoza watalii kwa Kiingereza na Kifaransa. Kambale alikuja kwangu na karatasi safi. "Niandikie, Mwalimu. Mimi iko na mudomo tu." Niliandika, na niliandika kwa uaminifu, hilo nalidai mbele ya Mungu. Ilikuwa barua bora niliyowahi kuandika.

Labda ndiyo sababu. Majibu yalipofika mkononi mwangu nilijiambia kwamba waliyempenda ni mwandishi.

Kambale alisimama mlangoni pangu, amenawa mikono kana kwamba anakuja mezani. Mstari wa kwanza ulisema wanasikitika kwa kuchelewa kujibu. Mistari iliyofuata ilisema aje kabla mwezi haujaisha, chumba kipo, sare ipo, aje na barua hii.

"Banasema nini, Mwalimu?"

"Wanasikitika," nikasema.

Sikudanganya. Kwa miaka mingi nilijitetea hivyo: nilitafsiri neno la kwanza, naye hakuningoja nimalize. Lakini aliningoja. Alisimama pale, akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. Niliikunja mara mbili, nikaitia mfukoni mwangu.

"Bon," akasema. "Asante ya kunisomea."

Baadaye alikwenda Bambu kuchimba dhahabu. Udongo ulimwangukia, mguu mmoja ukabaki mfupi. Hajawahi kunilaumu kwa lolote, maana hajui kuna la kulaumu.

Yeye ndiye anayeninyoa ndevu kila Jumamosi, kwa kuwa mikono yangu inatetemeka na wanangu wako mbali. Leo asubuhi pia alikuja, na kofia yake imelowa.

"Usitikisike, muzee. Shingo imekuwa kama ya kuku. Nikikukata, batasema Kambale ameua tableau."

Wembe ulikuwa kooni. Nilifungua mdomo nimwambie. Akanifunga midomo kwa vidole viwili ili anyoe chini ya pua.

Na hata leo, nikiwa nimebakiwa na wiki chache labda za kuishi, nilimwonea wivu. Alipokuwa anapangusa wembe alikuwa anaimba kwa Kiingereza, hovyo, bila kufikiri, kama mtu anayepumua. Sarufi yake ilikuwa mbaya sana. Ningetoa diploma yangu nipate ile hovyo.

Mjukuu wangu Neema ndiye aliyenifungulia ukurasa huu mtandaoni. Kambale anausoma kila jioni kwenye simu yake, kisha ananitumia kidole gumba. Kiingereza hasomi. Kiswahili anasoma vizuri. Kwa hiyo jioni ya leo atajua kuhusu barua, na Jumamosi ijayo atakuja na wembe au hatakuja.

Lakini barua ni nusu tu, Kambale ndugu yangu. Nusu nyingine ni safari.

Unakumbuka ulinibebea mfuko hadi kwenye gari la kwenda bandari ya Kasenyi. Ulinivika koti lako kwa sababu ya baridi ya kule milimani, ukasema Mungu arudishe macho yangu. Ndani ya mfuko ule kulikuwa na barua yako, ile ya kukuita kazini. Nilivuka ziwa nayo. Nilifika kwenye ile nyumba karibu na msitu, nikaiweka mezani. Mama wa ofisini aliisoma, akasimama kwa furaha, akaniuliza jambo. Sikuelewa. Akarudia polepole. Sikuelewa. Lilikuwa somo la kwanza, la wiki ya kwanza, nililolifundisha miaka thelathini. Mara ya tatu ndipo nikatambua kwamba ananiuliza jina langu.

Nilimjibu: Kambale.