Tulikwenda Wawili Kukatwa Tumbo

Dada Wankuru,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu umenizidi miaka minne na mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo umenituma. Nilianza na neno "mpendwa", nikalifuta. Na barua hii nimeiacha wazi, aisome anayetaka, kwa kuwa uliyoyasema juu yangu hukuyasema chemba. Uliyasema mbele za watu, nami nakujibu mbele za watu.

Tangu utotoni tulikuwa wanene, mimi na wewe. Unakumbuka siku mwalimu wa michezo alipotuweka golini wote wawili kwa mpigo, shule nzima ikacheka? Mimi nilianza kulia. Wewe ulimwuliza, "Mwalimu, unaona mpira utapita wapi hapa?" Wakacheka tena, lakini safari hii walicheka pamoja na wewe. Hapo ndipo nilipoanza kukufuata kila unakokwenda.

Na ile harusi ya binamu yetu, kiti cha plastiki kilipovunjika chini yangu wakati mchungaji anaombea chakula. Nilikuwa sakafuni, gauni limepanda magotini, natamani ardhi ipasuke inimeze. Wewe hukuninyanyua. Uliacha kiti chako, ukaja ukaketi chini kando yangu, ukanyoosha miguu, ukasema kwa sauti, "Huku chini kuna hewa nzuri. Leteni sahani zetu." Tulikula pale pale mpaka sherehe ikaisha. Nilikupenda siku ile kuliko mtu yeyote duniani, na nakueleza hivi ili ujue ulichokivunja kilikuwa na ukubwa gani.

Halafu mama akaanguka kwenye shamba la maharage. Presha ilipanda, upande mmoja wa mwili ukafa, na hakusema neno tena hadi tulipomzika. Wewe ndiye uliyenishika mkono pale kaburini. Ukasema, "Rhobi, mimi na wewe tukiendelea hivi tutamfuata." Ulijua nina sukari. Ulijua nafundisha nimeegemea ubao kwa sababu ya magoti. Na wewe mwenyewe sukari yako ilikuwa juu kuliko yangu.

Si mimi niliyeleta habari za upasuaji. Ni wewe, huko Isebania ulikoolewa, uliyesikia kuna daktari Nairobi anapunguza tumbo la chakula, linabaki dogo, mtu anashiba kwa vijiko vichache. Mimi nilikataa. Nilikwambia siwezi kukatwa kitu ambacho Mungu hakukiumba kwa makosa. Ulivuka mpaka ukaja mpaka hapa Turwa, ukakaa na mume wangu Marwa sebuleni, ukamweleza yote kama wakili. Ukamwambia, "Shemeji, usiwe na wasiwasi. Tutalazwa pamoja. Nitamwangalia mimi." Ndiyo maana Marwa alibaki na watoto. Alikuamini wewe.

Wiki mbili kabla tuliambiwa tuishi kwa vinywaji tu. Kila saa kumi jioni ulinipigia. "Umekula nini leo?" "Hewa." "Hata mimi nimekula hewa, na ilikuwa na chumvi nyingi." Tulicheka mpaka machozi. Sikujua kwamba nitakuja kuzitamani zile wiki mbili za njaa.

Chumba tulicholazwa Nairobi kilikuwa na vitanda viwili. Asubuhi ile tulivaa yale magauni ya hospitali yanayofungwa mgongoni, ukanifunga kamba zangu, nikafunga zako. Ukasema unatoka kidogo kuongea na simu. Nesi alipokuja na kitanda cha magurudumu akauliza, "Dada yako yuko wapi?" Nikamjibu, "Anakuja." Walinipeleka huku nimegeuza shingo natazama mlango.

Nilipozinduka, midomo imekauka, bega linauma kwa ile gesi waliyonijaza tumboni kana kwamba kuna mtu amenipiga rungu, neno langu la kwanza lilikuwa, "Wankuru ametoka salama?" Yule nesi alinitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. Akasema, "Mama, dada yako alisaini akaenda nyumbani."

Kwa siku mbili, mpaka Marwa alipopata ruhusa kazini na kufika, nilikuwa peke yangu. Ilibidi nitembee ukumbini ili damu isigande. Mama mmoja wa Kisii, aliyekuwa anamuuguza mwanawe, ndiye aliyenishika kiuno. Hakunijua hata jina. Kila nikisimama kupumzika alisema, "Pole pole, dadangu." Neno lile lilinichoma kuliko vile vidonda vitano vya tumboni. Nilikupigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikatuma ujumbe. Ukasoma, hukujibu.

Nilirudi Turwa. Hukuwahi kuniuliza siku zile zilikuwaje, kwa hiyo nitakwambia. Nilikunywa maji kwa kile kikombe kidogo kinachokuja na chupa ya dawa ya kikohozi, funda moja, nasubiri, funda jingine. Kiu yangu ilikuwa ya ndoo na tumbo langu lilikuwa la kijiko. Nilisikia harufu ya ugali wa muhogo jikoni, nikajifungia chooni nikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nilipofika hatua ya yai la kuchemsha, nilikula vipande viwili kwa haraka, vikakwama kifuani, nikavitapika mbele ya wanangu. Ghati, binti yangu mkubwa, akauliza, "Mama, walikukata vibaya?"  Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Nilijiona mjinga aliyelipeleka tumbo zima, lililobeba mimba nne, akaenda kulikatisha. Nililitamani tumbo langu la zamani. Hakuna dukani.

Ukweli usemwe: sukari ilishuka. Daktari alinipunguzia vidonge. Nilianza kusimama darasani vipindi viwili bila kuegemea. Lakini mwezi wa tatu baada ya upasuaji nywele zilianza kutoka kwa mafungu kila nikichana, uso ukasinyaa, magauni yakaning'inia. Hapo ndipo macho ya watu yalipobadilika.

Nikaona wanawake wa kwaya wanaacha kuongea nikikaribia. Mwalimu mwenzangu akaniuliza kwa upole mno, "Mwalimu Rhobi, ulishapima?" Nikamweleza habari za upasuaji. Akaitikia kwa kichwa namna ile watu wanavyoitikia uongo wanaouheshimu.

Niliyaelewa yote kule Machochwe, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa shangazi Nyangi. Wewe hukuja. Tembo wa mbugani walikuwa wamepita kwenye mahindi ya shangazi wiki ile, na mwanzoni nilidhani huzuni ya uso wake ni ya mahindi. Akanipa sahani ya ugali na nyama. Nikachukua matonge mawili, nikaomba udhuru. Akanivuta pembeni.

"Mwanangu, usijitese. Dawa zinataka chakula."

"Dawa gani, shangazi?"

"Wankuru alituambia. Usimchukie, alituambia kwa kilio. Kwamba Nairobi ulikwenda kuanzishiwa dawa za ule ugonjwa, na habari ya tumbo ni ya kufunika aibu."

 Nikamwuliza aliwaambia wangapi. Akasema, "Tulikuwa kwenye kikao cha ukoo, hapa hapa." Kabla sijapata pumzi, akawaita wanawake wengine, wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea kwa sauti uani, mbele ya wageni wote.

Tuelewane hapa, dada. Ningekuwa nao ule ugonjwa, nisingekuwa na cha kuficha wala cha kuonea aibu. Tuna ndugu wanaoishi nao, wanakunywa dawa, wanalima, wanalea. Lakini ingekuwa habari yangu mimi, niiseme kwa mdomo wangu, siku ninayotaka. Wewe ulinivalisha ugonjwa ambao si wangu kama mtu anayemvalisha mwenzake gauni bovu, ukanitembeza.

Na hujajua bado kilichofuata. Juma lile lile, nikifua nguo, nilikuta karatasi ya kliniki kwenye suruali ya Marwa. Alikuwa amekwenda kupima kwa siri. Majibu yalikuwa safi. Miaka kumi na saba ya ndoa, Wankuru. Nilimwekea karatasi mezani. Akasema, "Ningefanyaje, Rhobi? Kaka zangu walinibana. Na aliyesema si jirani, ni dada yako."  Kwa mwezi mzima tulisalimiana kama wapangaji.

Ndipo nilipokuja kwako. Nilivuka pale mpakani Sirari nikiwa nimepanga maneno tangu nyumbani. Nilikukuta dukani kwako katikati ya vitenge, umekaa kwenye lile benchi, miguu imevimba juu ya ndala. Ulinitazama kuanzia juu mpaka chini. Hukusema karibu. Ulisema, "Kumbe umeisha hivi." Ukaagiza chai na mandazi kana kwamba nimekuja kusalimia tu.

"Kunywa kwanza," ukaniambia.

"Kwa nini, Wankuru?"

"Kwani niseme aje? Niliogopa. Niliona kile kitanda cha magurudumu kikikuja, nikamwona mama."

"Kuogopa sijakulaumu. Ungeniambia tukimbie wote, ningekimbia. Nauliza habari ya Machochwe."

Ukakunja kitenge, ukakikunjua, ukakikunja tena. Kisha ukasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile: "Waliniuliza, mbona Rhobi anapungua na wewe uko vile vile? Si mlienda pamoja? Sasa ningewajibu nini? Kwamba nilitoroka na slipa za hospitali? Wangenicheka mpaka nife."

"Kwa hiyo ukaona bora nife mimi."

"Wewe uko na mwili mpya. Wacha na mimi nibaki na heshima yangu."

Nilikuomba jambo moja tu: mpigie shangazi, mbele yangu, umwambie ukweli. Simu ilikuwa mapajani mwako. Ulisema, "Wacha tu, maneno yatapoa yenyewe." Mteja akaingia, ukainuka ukamhudumia, ukacheka naye kuhusu rangi. Nikanywa ile chai kwa hasira, yote, na sukari yake yote, jambo nililokatazwa tangu nikatwe tumbo. Kabla sijafika ofisi za uhamiaji jasho lilikuwa linanitiririka, moyo unakimbia, dunia inazunguka. Nilikaa chini kwenye vumbi, mwalimu mzima, wauza ndizi wakinipepea kwa kanga. Mmoja akasema, "Huyu anaumwa." Nikamwambia, "Ndiyo. Naumwa dada."

Mambo hayakukaa hapo. Marwa alikwenda Machochwe mwenyewe, bila kuniambia, na makaratasi yangu ya hospitali kwenye bahasha. Aliwasomea ukoo mzima. Aliporudi alisimama mlangoni akasema, "Nimechelewa, lakini nimesema." Nilimpikia chai. Bado sijamwamini kama zamani, ila tunaongea. Shangazi alinipigia akasema, "Haya mwanangu, tumesikia." Sijui kama amesadiki. Nimeacha kumhakikishia mtu.

Kuhusu tumbo, bado sijui. Asubuhi nyingine napanda ngazi za shule bila kuhema, namshukuru Mungu kwa sauti. Asubuhi nyingine najitazama kwenye kioo, ngozi imelegea mikononi, utosi unaonekana, najiuliza huyu mwanamke ni nani na nani alimruhusu aingie. Daktari anasema ni mapema, nywele zitarudi, nivumilie. Pengine. Ningependa kumwuliza mtu aliyepitia njia hii pamoja nami. Alitakiwa awepo mmoja.

Ningenyamaza, Wankuru. Nilishaamua kunyamaza. Lakini jana binti yako alinipigia kwa siri, analia. Anasema una kidonda kwenye unyayo, wiki ya tano sasa, hakifungi, kimeanza kunuka, na unakifunga kwa kitambaa ukivaa soksi ili watu wa dukani wasijue. Anasema akitaja hospitali unamfukuza chumbani.

Niliposikia nililia, kisha nikakasirika kwamba nimelia. Nimefundisha somo la afya miaka mingi, na nina sukari kama wewe. Najua kidonda hicho kinaelekea wapi, na wewe unajua. Utachekwa, ndiyo. Watasema Wankuru anaoza. Mimi nimesemwa mabaya kuliko hayo, na aliyenisema ni wewe, na leo nimeamka, nimepiga kengele ya shule, nimefundisha.

Sitakuja kukushika kiuno ukumbini. Sina nguvu hizo, na nikisema ninazo nitakuwa nakudanganya. Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe.

Nenda hospitali, dada. Nenda leo, hivyo hivyo nikiwa nimekukasirikia.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja na wewe,
Rhobi
Turwa, Tarime